Lugha kwa Pointi: Kanuni za Traveller na GURPS Zikifikishwa Mbamba Bay

Wahakiki wenzangu, tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na ushairi, na tukichoka tunarudi kwenye ngano. Makala hii inahakiki kitu ambacho baadhi yenu mtasema si fasihi kabisa: kanuni za lugha katika mchezo wa mezani wa bunilizi za kisayansi. Mimi nasema ni fasihi, au tuseme ni mifupa ya fasihi. Katika mchezo huu watu wanne au watano wanakaa mezani na karatasi, penseli na dadu. Mmoja anaitwa refa, naye ndiye anayesimulia ulimwengu. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anamwamulia atasema nini na atakwenda wapi. Ni kama utambaji wa ngano ambao wasikilizaji wameruhusiwa kumkata mtambaji kauli na kumgeuzia sungura njia. Kinachowazuia wasigeuze kila kitu ni kitabu cha kanuni. Basi kanuni inayosema mhusika anajua lugha gani, na kwa gharama gani, inafanya kazi ya mwandishi anayeumba wahusika, na tuna haki ya kuiuliza tunayomuuliza mwandishi: umemtazama nani, na umemsahau nani?

Nimechagua vitabu viwili. Cha kwanza ni Traveller, mchezo wa Marc Miller uliotoka Marekani mwaka 1977; hapa nasoma toleo la 2016 la kampuni ya Mongoose ya Uingereza. Cha pili ni GURPS, toleo la 4 la mwaka 2004, ambao mwaka 2006 ulitoa kitabu chake kuhusu ulimwengu huohuo wa Traveller.

Ulimwengu wenyewe ni dola kubwa ya anga yenye maelfu ya sayari. Lugha ya dola ni Galanglic, mjukuu wa Kiingereza. Kuna Kivilani, lugha ya dola ya zamani. Wazhodani wana Zdetl, na Waaslan, viumbe wanaofanana na simba, wana Trokh. Mhusika anaijua lugha ya kwao bure, kusema na kusoma. Nyingine ni stadi yenye namba. Ukibanwa unarusha dadu mbili, unajumlisha namba yako, ukifikisha 8 umeelewana na mwenzako. Mwenye namba 0 anahesabiwa kuwa na maneno mawili matatu ya lugha nyingi. Halafu kitabu kinaongeza kwamba kompyuta zinatafsiri, kwa hiyo mara nyingi stadi hii haihitajiki. Lugha zimemalizwa katika aya fupi! Bunduki zimepewa kurasa kadhaa.

Jambo la kwanza linalonikera ni ile hesabu ya kabila moja, lugha moja. Mimi ni mtoto wa Mbinga, na kwetu hesabu hiyo haitoki. Chukueni Kingoni. Wangoni walifika nyanda za Songea katika karne ya 19 wakitokea kusini kabisa mwa Afrika, na lugha yao ilikuwa ya jamii ya Kizulu. Walishinda vita, wakatawala, wakaoa wenyeji, na watoto wakalelewa kwa lugha za mama zao. Kingoni kinachosemwa leo ni lugha ya wenyeji iliyobeba jina la washindi; wanaisimu wanaiweka kundi moja na Kimatengo na Kimanda. Dola ya anga inayoshinda vita na kupoteza ulimi wake! Hiyo ni hadithi ambayo kanuni ya Traveller haiwezi kuizaa, maana lugha imeshabandikwa kwenye kabila kabla mchezo haujaanza.

Ukishuka kutoka milima ya Wamatengo, nchi ya kahawa na ngoro, hadi ufukweni, mambo yanazidi. Watu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi (zamani Wilaya ya Mbinga, tangu 2012 Wilaya ya Nyasa) hujiita Wanyasa, na lugha yao Kinyasa. Mtaalamu akija anaipasua: hapa Kimanda, pale Kimpoto, kule Kinyanja. Ni lugha moja au tatu? Swali hili kwenye fomu ya mchezo ni swali la fedha, kwa sababu kila lugha inalipiwa.

Hapo ndipo tunaingia GURPS, na nikiri kwamba GURPS ni kitabu chenye akili zaidi. Kimetenganisha kusema na kuandika. Kina viwango vitatu: lugha ya kuvunjavunja, lugha yenye lafudhi, na lugha ya mzawa. Kwa kila upande unalipa pointi 1, 2 au 3, kwa hiyo lugha kamili ya kigeni ni pointi 6. Lugha ya mama ni bure. Ila usipojua kuiandika, umehesabiwa mpungufu, na unarudishiwa pointi 3 kama fidia ya kilema.

Mimi na wenzangu watatu bwenini tulijaribu kumwandika mhusika wetu kwa kanuni hiyo. Tulimwita Mama Usipa. Ananunua usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, pale Mbamba Bay, anapandisha milimani hadi soko la Mbinga, na msimu mwingine anavuka kwenda Nkhata Bay upande wa Malawi. Kinyasa ni lugha ya mama, bure. Kiswahili cha mzawa kwa kusema, na kuandika kwa kujikongoja kidogo: 5. Kimatengo cha sokoni chenye lafudhi ya ziwani: 2. Kichewa cha biashara: 2. Kingoni cha kuvunjavunja: 1. Jumla ni 10.

Sasa fungueni ukurasa wa mali. Katika GURPS, kuwa mtu wa kujiweza, ngazi moja juu ya mwananchi wa kawaida, ni pointi 10. Bei ileile! Maana yake, kwa mujibu wa kitabu, Mama Usipa alisimama dukani na pointi zake kumi, akaambiwa achague nyumba ya bati yenye saruji au lugha nne, naye akachagua lugha. Kha! Nani alimpa uchaguzi huo? Lugha zile amezipata kwa sababu hana mali. Mwenye mali Mbamba Bay hapandi lori la mizigo. Anangoja wateja wamfuate na Kiswahili chao. Kanuni imeandikwa kwa kumtazama mtu aliyejifunza lugha kwa ada, darasani, muda wa ziada ukiwepo. Kwa mtu huyo lugha ya tano kweli ni anasa. Ufukweni kwetu wanaojua lugha nyingi kuliko wote ni wanawake wa sokoni, na mara nyingi ndio pia wenye mifuko mitupu. Mhusika wa namna hii akiandikwa kwa GURPS anatoka dhaifu kwa kila kitu kingine, kwa hiyo mchezaji mwerevu hatamwandika. Hivyo ndivyo kanuni inavyomfuta mtu kwenye hadithi bila kumtaja popote.

Na zile pointi 3 za fidia? Kinyasa hakifundishwi shuleni. Mama Usipa haandiki Kinyasa, kwa hiyo anapewa kilema. Lakini mimi nami, mwanafunzi wa fasihi mwaka wa tatu, ninayeandika Kiswahili na Kiingereza hadi mkono unauma, sijawahi kuandika ukurasa mmoja wa Kimatengo. Fomu inanipa kilema kilekile. Hapa, kwa bahati, kanuni imesema kweli kuliko ilivyokusudia.

Mwenzetu mmoja alipinga, na hoja yake si ya kudharau. Alisema pointi si bei ya maisha. Ni mizani ya mezani, ili mchezaji mmoja asiwe na kila kitu mwenzake akabaki anatazama. Nakubali. Lakini mizani nayo inachagua cha kupimia. Kitabu kingeweza kusema: mhusika aliyekulia penye lugha nne anapewa lugha nne, na anayekulia penye moja anapewa kitu kingine. Kimechagua kusema moja ndiyo kawaida.

Kasoro kubwa zaidi, ambayo vitabu vyote viwili vinayo, ni kwamba msikilizaji hayumo. Dadu inamhusu msemaji peke yake, kana kwamba kuelewana ni kulenga shabaha. Lugha ina mahali pake na mtu wake. Wamisionari wa UMCA, waliokuwa na makao kisiwani Likoma tangu 1885, walitumia Kinyanja katika ibada, hata upande huu wa ziwa. Bibi wa Liuli aliyekijua kwa nyimbo na sala za zamani, ambaye asingeweza kupatana nacho bei ya nanga, tumpe kiwango gani? Na Mmatengo anayemsikia Mama Usipa na lafudhi yake haoni upungufu wowote. Anajua huyu ni wa ziwani, anaanza utani, na bei inashuka. Kwa GURPS lafudhi ni pointi moja iliyokosekana. Sokoni lafudhi ni mtaji.

Tukabadilisha kanuni. Kila lugha tuliipa mahali: nyumbani, sokoni, kanisani, ofisini. Dadu hairushwi kabisa ila msikilizaji anapokataa kuelewa. Usiku wa kwanza Mama Usipa alifika bandari ya anga akiwa na magunia yake, na karani wa dola akamsikia vizuri sana Kivilani chake, kisha akamjibu kwa Galanglic. Akarudia, akajibiwa vilevile. Meza nzima ilinyamaza. Hatukuwa tumepata kimya cha namna hiyo kwa miezi miwili ya kupigana kwa bunduki za miali.

Baadaye refa alituuliza kwa nini yule karani tulimsikia kichwani akisema Kiswahili. Swali hilo lituhusu sisi wa Idara za Kiswahili. Kwa Mama Usipa ofisi ya dola inasema Kiswahili, na ndiko anakoambiwa arudie. Bunilizi zetu nazo hupeleka Kiswahili angani bila nauli: Katama Mkangi katika Walenisi (1995) ameipa sayari nzima jina ambalo ni sentensi ya Kiswahili, "wale ni sisi". Fumbo zuri, na linafanya kazi yake ya kisiasa. Lakini "sisi" ya ufukweni ina lugha tano.

Fomu yetu mpya ina mistari minne ya lugha ya mama. Mwenzetu wa Lituhi amejaza mitatu. Wa Dar es Salaam amejaza mmoja, kisha akauliza kama Kiswahili cha mtaani na Kiswahili cha mtihani ni lugha moja au mbili. Refa amesema ni moja. Tumegoma kucheza hadi alete sababu.