Makutupora: grafu iliyokataa wastani

Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Takwimu hiyo ni sahihi, lakini kwa anayepanga maji ya jiji haina msaada mkubwa. Kwa miongo mingi jiji limetegemea visima virefu vya Makutupora, upande wa kaskazini, na maji ya huko hayaujui wastani.

Tangu miaka ya 1950 watu wa maji walikuwa wakipima kina cha visima hivyo na kuandika. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, akiwemo Mtanzania Lister Kongola, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55 katika jarida la Nature Climate Change. Sifa ya kwanza, kwa maoni yangu, ni ya waliotumbukiza kamba ya kupimia kisimani miaka ambayo hakuna aliyeuliza.

Zichore kumbukumbu hizo: panga mvua ya kila mwezi juu, kwa mihimili. Kina cha maji chini yake, kwa mstari. Miaka iwe ileile kwa zote mbili. Utaona mstari ukiteremka mwaka hadi mwaka. Mvua za msimu zinanyesha, mtama unavunwa, kisima hakishtuki. Halafu unaingia msimu wa El Niño wa 1997/98, na maji yanapanda ghafla. Misimu michache ya mvua kubwa mno ndiyo inayojaza akiba inayotumika miaka inayofuata. Ukijumlisha muongo mzima na kugawanya kwa kumi, msimu huo unamezwa.

Kuna la kiufundi linalopuuzwa: kina lazima kichorwe namba kubwa ikiwa chini. Usipogeuza hivyo, kisima kinachokauka kitaonekana kinapanda, na kikao cha wanaopanga maji ya jiji kitapiga makofi.

Mchoro wa kikao hicho unahitaji pia safu ya tatu, ya maji yanayovutwa kwa pampu. Watu wa jiji walikuwa 410,956 katika sensa ya 2012. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179, Serikali ikiwa imeshaanza kuhamia. Bila safu hiyo, kila mteremko utasingiziwa ukame. Na ripoti inayolinganisha mwaka huu na jana tu haifai kitu hapa, maana mteremko wenyewe huchukua miaka kadhaa.

Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji yanayojaza akiba ya Makutupora huzama kupitia mchanga wa makorongo, yale yanayotiririka siku chache tu za mvua kubwa. Kwa hiyo, ili nyumba zisizibe njia hiyo ya maji, ramani ya viwanja ilazwe juu ya ramani ya makorongo hayo kabla mtu hajapewa hati.