Praima Haizibi Tundu

Bampa la faiba la lile basi letu la Singida–Sepuka limerudi barabarani, na waliokuwa stendi Jumamosi wameliona: matundu ya sindano yametoka upya kama ndui. Fundi alikosea, tena kosa la wazi. Aliyaona matundu kabla ya rangi, bunduki ya kupulizia ikiwa mkononi, akaamua kupuliza akiamini praima itaziba.

Haizibi. Tundu lile ni kiputo cha hewa kilichonaswa ndani ya resini wakati mkeka wa faiba ukilowanishwa, kisha msasa ukaja kukifungua mdomo. Praima inatandaza ngozi nyembamba pale mdomoni na hewa inabaki chini yake. Jua la saa saba likiwaka, hewa inatanuka, ngozi inapasuka. Fundi akaongeza mkono wa pili wa praima, halafu wa tatu! Kila mkono ulimla tajiri hela ya praima na tina, na tundu likabaki palepale.

Dawa yake haihitaji hata kompresa. Chukua epoksi tupu iliyochanganywa na hadena yake kwa kipimo, ikamue ndani ya matundu kwa kadi ngumu ya plastiki, kwangua inayobaki juu, iache ikauke. Piga msasa namba 180 ukiwa na kibao, si kiganja, na usimame kabla hujazifikia nyuzi. Mulika tochi kwa ubavu. Ukiona tundu, rudia. Praima inakuja baada ya hapo.

Haki yake nimpe: nta ya moldi aliiosha kwa sabuni kabla ya msasa, na kiraka cha nyuma kimeshika. Sawa.

Lakini kupuliza uwanjani alasiri, kwa upepo huu wa Singida? Jambo hilo nimeshalipigia kelele hapa na sichoki. Na ile puti nene pembeni, kwa mtikisiko wa njia ya Sepuka, tusubiri nyufa.

Wanaodhani nataka makuu kwa bampa tu wamkumbuke Burt Rutan, Mmarekani aliyewauzia watu michoro ya ndege za kujiundia gereji. VariEze yake iliruka 1975, Long-EZ 1979: povu, kitambaa cha kioo na epoksi. Wengi waliozijenga hawakuwa mafundi wa ndege. Walijaza mabonde kwa epoksi iliyochanganywa na chembe za kioo zenye uwazi ndani, wakasugua kwa vibao virefu, ndipo wakapaka praima ya kukinga miale ya jua na rangi nyeupe ili joto lisilainishe epoksi. Haikufaa kuficha uzembe chini ya praima, maana kila mkono ni uzito, na rangi ikizidi kwenye sehemu zinazoiongoza ndege, mizani yake inaharibika. Kwa nidhamu hiyohiyo ya uzito Rutan alibuni Voyager, iliyozunguka dunia Desemba 1986 kwa siku 9 bila kutua wala kuongeza mafuta. Sisi tunashindwa na bampa.

Mkono wa nne usipigwe. Msasa urudi hadi matundu yaonekane yote, epoksi iingie, kazi ianze upya kivulini, asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Hela ya ile mikono mitatu, tajiri na fundi watajuana.