Safari za Mafunzo na Magofu ya Pwani

Zipo shule za bara ambazo huwapeleka vijana wao pwani kwa muda wa juma zima ili wakayaone magofu ya kale na hifadhi ya bahari. Desturi hii ni njema. Kijana wa Moshono, aliyekulia chini ya Mlima Meru, ana haki ya kuijua Kilwa kama anavyoijua Arusha. Hata hivyo, hatuna budi kuihakiki safari hiyo kama tunavyohakiki kitabu, na kuuliza inamfundisha nini.

Kasoro yake kubwa ni kutenganisha mambo yasiyotengana. Magofu huachiwa mwalimu wa historia, samaki mwalimu wa elimu ya viumbe, na wenyeji hawaachiwi mtu. Huko Kilwa Kisiwani wanafunzi huonyeshwa Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Huambiwa kwamba Ibn Battuta alifika mwaka 1331, na kwamba Wareno waliuvamia mji mwaka 1505. Huandika tarehe hizo daftarini, kisha huondoka. Ni nadra kuulizwa kuta zile zimejengwa kwa nini. Jibu limo baharini: ni mawe ya matumbawe, yakashikizwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Mafundi waliyachonga matumbawe mabichi yangali laini, wakapata nakshi za mihrabu. Dhahabu ya Sofala iliwatajirisha wafanyabiashara na masultani, lakini ujuzi wa kuligeuza tumbawe kuwa nyumba ulikuwa wa watu wa pwani.

Uhusiano huo unaonekana wazi zaidi Mafia. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Ndani ya mipaka yake yamo magofu ya Kua, katika kisiwa cha Juani, na vimo pia vijiji vyenye watu. Matumbawe yaliyojenga Kua ndiyo leo yanayolindwa yasichimbwe, maana ndiyo mazalio ya samaki. Basi kazi iliyokuwa fahari ya mababu imekuwa kosa kwa wajukuu. Hatuilaumu sheria, mwamba uliovunjwa kwa baruti au kwa mtaimbo huchukua miaka mingi mno kurudi. Lakini mwanafunzi anayepelekwa kuwatazama papa potwe bila kuelezwa jambo hili amenyimwa somo lenyewe.

Vijana wa Meru wasingepaswa kuliona somo hilo kuwa geni. Hifadhi ya Arusha, iliyo jirani nao, haina vijiji ndani yake. Tena, mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru huko Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akayapeleka malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Hatusemi kwamba mambo haya ni sawa. Engare Nanyuki watu walifukuzwa kwa faida ya wageni. Mafia wamebaki, na bahari inalindwa kwa ajili ya vizazi vyao pia. Lakini swali ni lile lile: ni nani anayeamua juu ya mali ya asili, na ni nani anayebeba gharama ya uamuzi huo? Kijana aliyerithi historia ya Meru anaweza kumwuliza mvuvi wa Juani swali hilo kwa heshima, na kulielewa jibu lake.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wapunguze idadi ya vituo na kuongeza saa za mazungumzo. Siku moja ya juma hilo itengwe kwa wavuvi, waashi na mafundi wa majahazi wa Jibondo, nao wapewe nafasi ya kufundisha. Na wanafunzi watakaporejea Moshono, wasidaiwe orodha ya tarehe tu. Waandike insha juu ya jiwe moja la Kua: lilitoka wapi, lilichongwa na nani, na kwa nini leo haliwezi kuchongwa jingine.