Jina la Diwani

Mwanamke wa Unguja aingiapo dukani kununua kanga hatazami rangi peke yake. Huikunjua, akayatafuta maandishi yaliyo karibu na pindo, akayasoma. Na yasipomridhi, huirudisha hata kama mji wake umempendeza. Maandishi hayo watu wa pwani huyaita jina. Kanga moja kwa jina lake huvaliwa harusini, nyingine hupelekewa jirani mwenye maneno mengi, na ujumbe ukafika pasi na mdomo kufunguliwa. Ni ajabu basi kwamba watu hao hao, waliozoea kulipima jina la nguo kwa mizani hiyo, huyachagua majina ya diwani zao kwa haraka, aghalabu siku ambayo mswada umekwisha kufungwa kupelekwa kwa mchapishaji.

Huenda pakatolewa hoja kwamba mafundi wa kale hawakujishughulisha na majina. Hoja hiyo ina ukweli wake. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake wasia mwaka 1858, hakuwa na haja ya kuupamba kwa anwani. Utendi ule umeenea kwa jina la mama mwenyewe. Utendi wa Bwana Mwengo wa Pate, wa mwaka 1728, wengine huuita Utendi wa Tambuka, na wengine Chuo cha Herekali. Jina la kwanza humpeleka msikilizaji mahali pa vita, la pili humpeleka kwa mfalme wa Rumi aliyepigwa vita hivyo. Kisa ni kimoja, milango ya kukiingilia ni miwili. Lakini tungo za zama hizo zilighaniwa mbele ya hadhira iliyomjua mtunzi, au iliyokuwa na mtu wa kuieleza. Kitabu kilichopigwa chapa hakina mtu wa kufuatana naye. Huenda peke yake mpaka kwa asiyemjua mwenyewe, na neno la kwanza atakalolisikia mgeni huyo ni jina lililo juu ya jalada.

Ndiyo maana Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyotoka mwaka 1971 kwa uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin, inastahili kutazamwa kuanzia jaladani. Mvita ni jina la kale la Mombasa, na Kimvita ndicho kilichozibeba tungo zile. Kuliweka jina hilo mbele, wakati shule zilikuwa zikifundisha Kiswahili Sanifu peke yake, kulikuwa ni kuusimamisha mji na lahaja yake mbele ya wasomaji wote. Baadaye vilitoka Malenga wa Mrima (1977) cha Mwinyihatibu Mohamed, na Malenga wa Vumba. Kila kimoja kilikuwa na pahala pake pa kusemea.

Hatari ilikuja baada ya mafanikio hayo. Neno "malenga" likageuka vazi la kuazima. Umalenga ni daraja ambayo mtu hupewa na wanaomsikiliza, baada ya kumpima kwa vina, mizani na uzito wa fikra. Si cheo cha kujivika kwa diwani ya kwanza. Shaaban Robert alikuwa na haki kubwa kuliko wengi ya kujisifu, ila alipoziita tungo zake Pambo la Lugha, sifa aliielekeza kwenye lugha. Chema chajiuza, na wasomaji wa mashairi ni wepesi wa kumtambua anayejitembeza.

Abdilatif Abdalla angeweza kabisa kuufuata mkondo wa Mvita, maana ni mwana wa Mombasa na tungo zake zimejaa Kimvita safi. Alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Jina hilo halitaji mji wala ubingwa wa mtunzi. Linataja hali ambayo sauti imetokea. Msomaji ajuaye kuwa yaliandikwa kwa siri ataona kwamba "sauti" yenyewe ni ushindi, kwani kifungo kilikusudiwa kuinyamazisha. Jina lingine lolote lingepunguza kitu katika kitabu kile.

Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, naye aliiita diwani yake ya kwanza Kichomi (1974). Wapenzi wa vina na mizani waliogutushwa na mashairi yake huru walikuwa wameonywa tangu jaladani: hapakuahidiwa pambo, paliahidiwa maumivu ya ubavuni. Zikafuata Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008). Anayeyapanga majina hayo matatu ataona safari ya mtunzi na msomaji wake: wa kwanza alichomwa, kisha akakaribishwa ndani, mwisho akaandaliwa karamu. Ubishi juu ya ushairi huru haukwisha, lakini katika kutaja majina Kezilahabi hakumdanganya mtu.

Kwa visiwa hivi, mfano ulio karibu zaidi ni wa Haji Gora Haji (1933–2021), mwana wa Tumbatu. Diwani yake Kimbunga (1994) imebeba jina la shairi moja lililomo ndani yake, ambalo wasomaji wamezoea kulitafutia maana iliyofichwa chini ya upepo na mawimbi. Baadaye ikatoka Shuwari (2019). Kimbunga na shuwari ni maneno ya watu wanaoishi kwa bahari. Mvuvi wa Nungwi hahitaji kamusi ili kuyaelewa. Lakini yakisimama juu ya diwani mbili za mzee mmoja, hubeba umri mzima. Hayakuletwa kutoka nje ili kuzipamba tungo. Yalikuwamo tayari katika maisha yaliyozizaa.

Hapo ndipo penye kipimo. Jina lililotoka nje ya tungo laweza kuhamishiwa diwani nyingine yoyote na hakuna atakayegundua. Mashada ya lulu, bustani na nuru zilizokwisha kutumika ni mengi mno kwenye rafu. Jina lililotoka ndani halihamishiki. Mtunzi chipukizi mwenye mswada mkononi hana haja ya kukimbilia kamusi ya Kiarabu wala orodha ya sifa. Na azisome tungo zake mpaka ya mwisho, kisha atafute lile neno ambalo likiondolewa, shairi lake lililo bora litaanguka. Likikosekana neno la namna hiyo katika mswada mzima, basi si jina lililochelewa. Diwani yenyewe bado haijaiva.