Ndigana, Daktari na Dawa: Maneno Matatu Yanayomgharimu Mfugaji

Istilahi yenye utata katika tiba ya mifugo humpotezea mwananchi mali yake. Twasema hivi kwa kuangalia lugha itumikayo baina ya wafugaji na wataalamu katika mikoa ya Mbeya na Iringa. Huko kaya nyingi, kama zile za Rungwe na Mufindi, hufuga ng'ombe wachache wa maziwa bandani, na kufa kwa mmoja ni kukosa maziwa ya watoto pamoja na ada ya shule.

Neno la kwanza ni ndigana. Likitajwa peke yake halielezi ugonjwa mmoja. Ndigana kali na ndigana baridi zote huenezwa na kupe, lakini viini vyake ni tofauti, na dawa zake pia. Oksitetrasaiklini, itibuyo ndigana baridi, ni ya bei nafuu. Buparvakwoni, itibuyo ndigana kali, ni ghali zaidi. Mfugaji aliyeandikiwa "ndigana" tu hajui kwa nini jirani yake alilipa kidogo naye ametozwa nyingi. Akinunua ile nafuu kwa kufuata jina, ng'ombe huweza kufa hali ametibiwa.

Neno la pili ni daktari. Vijijini jina hili hupewa kila ajaye na sindano: mhitimu wa chuo kikuu, bwana mifugo mwenye cheti au stashahada, hata muuza dawa. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 imewatenganisha madaktari waliosajiliwa na wataalamu wasaidizi, wote wakiwa chini ya Baraza la Veterinari. Hatusemi bwana mifugo adharauliwe, kwani mara nyingi ndiye aliye karibu. Twasema kwamba mtu hawezi kuchagua asichoweza kukitaja.

Neno la tatu, nalo ndilo lenye madhara makubwa zaidi, ni dawa. Mfugaji huambiwa "fedha ya dawa", na ndani ya neno hilo hufichwa ujira wa uchunguzi, mafuta ya pikipiki ya kupandia milima na gharama za kuhifadhi chanjo. Chanjo ya ndigana kali, kwa mfano, hutunzwa katika naitrojeni ya kimiminika, na ikishazimuliwa sharti itumike siku ile ile; ndiyo sababu mchanjaji hutaka ng'ombe wengi wakusanywe pamoja. Asiyeelezwa hayo hudhani anacheleweshwa, na akiona bei ya chupa dukani hudhani ameibiwa. Naye mtaalamu asiyelipwa kwa ujuzi wake hushawishika kuutafuta ujira huo katika dawa, hata pale ng'ombe alipohitaji ushauri tu, wala si sindano.

Watakuwapo watakaosema kwamba watu wanaelewana hivyo hivyo. Naam, wanaelewana mpaka ng'ombe afe.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba wafasiri na waandishi wa vipeperushi wasiandike "ndigana" bila sifa yake. Maofisa watofautishe daktari wa mifugo na mtaalamu msaidizi. Na stakabadhi zitenge ada ya uchunguzi, bei ya dawa na gharama za safari. Lugha haitapunguza bei ya mafuta, lakini yaweza kumwonyesha mlipaji anacholipia.