Mpambe Asiyesema: Swali kutoka Kisanga

Wahakiki wetu wakishaiita riwaya ya ujasusi "riwaya pendwa", hufunga daftari. Eti wahusika wake ni bapa, basi, yamekwisha. Mimi nasema ubapa huo una sababu, na sababu hiyo ndiyo inayopaswa kuhakikiwa. Nitamchukua mhusika mmoja tu: mpambe wa adui, yule mtu kimya, makini, anayetumwa kuua naye akaua bila kuuliza.

Swali hili nilikutana nalo kabla sijalijua neno uhakiki. Kwetu Kisanga, wilayani Kilosa, upande wa Mikumi, kitabu kimoja kilisomwa na nyumba kumi. Usiku mmoja nilikuwa nawasomea wakubwa *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba kwa mwanga wa koroboi. Willy Gamba alipowamaliza watu wa adui, vijana wakashangilia. Babu hakushangilia. Akauliza, "Sasa huyo aliyekufa ni mtoto wa nani?"

"Babu, kitabu hakisemi."

"Kitabu gani hicho, mjukuu wangu, kinaua mtu hata hakijamuuliza kwao?"

Nilicheka. Leo sicheki.

Mpambe huyu ana ndugu zake ughaibuni. Anayejulikana zaidi ni Oddjob katika *Goldfinger* ya Ian Fleming (1959): Mkorea, mtumishi wa tajiri, mwenye kofia ya ukingo wa chuma anayoirusha kwa shabaha ya kutisha. Fleming kampa kasoro ya kinywa, hata tajiri wake tu ndiye anayemwelewa. Wasomaji husifu kimya hicho kwamba kinatia hofu. Ni kweli, kinatia. Lakini kitabu hichohicho kinawadharau Wakorea waziwazi. Ukimnyima mtu ulimi, huna haja tena ya kueleza kwa nini anamtii bwana wake.

Musiba, katika riwaya yake ya 1974, aliigeuza meza. Shujaa ni Mwafrika, na anachokilinda ni ukombozi wa Afrika, wakati ambapo Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam (1963 hadi 1994). Huo ni mchango mkubwa, wala siubezi. Lakini mpambe alimwacha alivyomkuta. Msimulizi ni Willy mwenyewe. Tunachokiona ni alichokiona yeye: mtu na bastola, kisha maiti. Kwa Fleming mpambe ni mgeni. Kwetu sisi anaweza kuwa Mwafrika mwenzetu aliyenunuliwa. Tunamwita kibaraka, neno linalotosha kumhukumu lakini halitoshi kumweleza.

Na mpambe huyu hakuwa wa vitabuni tu. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililotegwa ndani ya kitabu. Hapakuwa na ngumi wala gari lililofukuzwa. Palikuwa na mikono iliyotulia, iliyofanya kazi safi. Tarehe 17 Agosti 1982 Ruth First naye aliuawa Maputo kwa bomu la barua, katika chuo kikuu chenye jina la Mondlane. Mwaka 2000 Craig Williamson, aliyekuwa ofisa wa usalama wa makaburu, alipewa msamaha kwa mauaji hayo, baada ya kuyaeleza mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Msamaha ule uliwaudhi wengi, na kwa haki. Hata hivyo, Tume ilidai kitu ambacho riwaya yetu haijakidai: mtenda afungue kinywa.

Najua nitapingwa. Mtasema riwaya ya aina hii ni mbio. Kila mpambe akisimulia maisha yake, Willy atachelewa ndege. Sidai wasifu. Nadai ukurasa mmoja: deni lake, mwanawe anayesoma, siku aliyopewa bahasha ya kwanza akaipokea. Msomaji akishajua hayo, hatamsamehe. Atamwogopa zaidi, maana atakuwa amemtambua, pengine mtaani kwake mwenyewe.

Basi, wenzangu mnaoandika, mkituletea jasusi mwingine, mleteni. Ila mkifika mahali pa kumwua mpambe wake, kumbukeni kuna mzee Kisanga atakayeuliza ni mtoto wa nani.