Sedani Mbili za Spoti na Upungufu wa Neno "Nguvu"

Makala za kulinganisha magari zimekuwa nyingi katika Kiswahili, lakini nyingi kati yake humwacha msomaji palepale alipokuwa. Huambiwa kwamba gari hili ni la kifahari na lile pia ni la kifahari. Kwamba hili lina nguvu na lile lina nguvu zaidi. Kisha hutakiwa achague. Si kwamba waandishi hawayajui magari. Kasoro, kwa maoni yetu, imo katika istilahi. Maneno yanayotumiwa ni ya kusifia, na vitu viwili vinavyosifiwa kwa neno lilelile haviwezi kupambanuliwa. Kwa watu wengi gari ni ununuzi unaozidiwa gharama na nyumba peke yake, na anayedanganywa na neno hulipa kwa fedha halisi. Kwa hiyo tumeona jambo hili linastahili kurasa za jarida hili.

Tumechagua jozi ambayo habari zake zimekwisha kukamilika: Mercedes-Benz 190 E 2.3-16, lililoonyeshwa Frankfurt mwaka 1983, na BMW M3 la kwanza, lililoonyeshwa katika mji huohuo mwaka 1985 na kuanza kutengenezwa 1986. Hayatengenezwi tena, na hatuna la kumuuzia mtu. Lakini ushindani wa sedani za Kijerumani zenye mbio, ambao unaendelea hadi leo kwa magari mazito na ghali zaidi, ulipata sura yake katika hayo mawili, nayo yanakaribiana mno kwa maumbile hata neno legelege haliwezi kuyatenganisha. Kila moja lina injini ya silinda nne na vali 16. Ujazo wa injini ya Mercedes ni sentimeta za ujazo 2,299. Wa BMW ni 2,302.

Tuanze na jina la aina. "Saluni" tuliyoirithi kwa Waingereza sasa inagongana na mahali pa kusukia nywele, na tunaona "sedani" inafaa zaidi. Maana yake ni gari lenye paa lisilokunjwa, safu mbili za viti, na buti lililotengwa na chumba cha abiria. Anayefasiri kutoka Kijerumani ajihadhari: kwa Wajerumani neno "Limousine" ndilo hilohilo la sedani ya kawaida, na akiliandika "limuzini" atampelekea msomaji gari refu la maharusi. Swali gumu zaidi ni la milango. Mercedes ina minne. M3 ina miwili tu, na wapo wanaoitoa katika ukoo wa sedani kwa sababu hiyo. Sisi hatuitoi. Buti lake limetengwa na safu ya nyuma ni viti vya watu. Hata hivyo, mzee anayeingia nyuma kwa kujipinda huku kiti cha mbele kimekunjwa ana haki ya kuambiwa mapema, na neno "sedani" peke yake halimwambii.

Sifa ya pili ndiyo iliyotutia shaka zaidi. Wengi huandika "gari la michezo". Michezo kwetu ni mpira, ni riadha, ni maigizo jukwaani, ni watoto uani; gari la michezo laweza kuwa basi la timu. "Gari la mashindano" nalo hupita kiasi. Ni kweli kwamba M3 lilizaliwa kwa ajili ya mashindano, kwani kanuni za Kundi A zilidai magari 5,000 yatengenezwe katika miezi 12 kabla ya aina hiyo kukubaliwa uwanjani. Lakini gari alilouziwa raia lilikuwa kibali cha lile la uwanjani, si lenyewe. Roberto Ravaglia alipotwaa ubingwa wa dunia wa magari ya aina hiyo mwaka 1987 kwa M3, hakuwa akiendesha gari la dukani. Twapendekeza "sedani ya spoti". Neno "spoti" limekwisha kuingia magazetini na kuzoeleka, nalo haliahidi zaidi ya linavyoweza kutimiza. Tunajua baadhi ya wenzetu watanung'unika kwamba tumekubali neno la kukopa wakati lipo la asili. Jibu letu ni kwamba neno la asili linalopotosha halina ubora juu ya la kukopa linaloeleza.

Sasa tuje kwenye "nguvu", ambako ndiko hasara kubwa iliko. BMW M3, lilipouzwa bila kifaa cha kusafisha moshi, lilikuwa na nguvu za farasi 200. Mercedes kwa hali hiyohiyo ilikuwa na 185. Mwandishi husoma tarakimu hizo, huandika "BMW ina nguvu zaidi", na kuweka nukta. Lakini nguvu za farasi hupima wepesi wa injini kufanya kazi kwa muda fulani. Kipo kipimo kingine, cha kani ya kuzungusha, yaani jinsi injini inavyousokota mhimili wake, na hicho hupimwa kwa niutoni-mita. Kwa kipimo hicho BMW ilitoa 240, Mercedes 235. Tofauti imekaribia kutoweka! Imekwenda wapi? Imo katika kasi ya kuzunguka. Nguvu za farasi ni kani hiyo ikizidishwa kwa mizunguko, na injini ya BMW iliweza kuzunguka upesi zaidi bila kuchoka: ilifikia kilele chake kwenye mizunguko 6,750 kwa dakika. Kwa hiyo farasi wale 15 wa ziada hawamo barabarani wakati wote. Wamo huko juu tu, na dereva asiyependa kuipandisha injini mpaka ipige kelele amewalipia bure.

Mafundi wa gereji zetu hawakosei hapa, ingawa hawana kitabu cha istilahi. Wao hawasemi "nguvu". Husema gari "linavuta" au "halivuti", na husema "limechanganya" pale linapoacha kujikongoja na kushika mwendo. Vitenzi hivyo viwili vinapambanua kile kinachochanganywa na nomino yetu moja. Kwa lugha yao, hukumu ni hii: hakuna kati ya magari haya mawili linalovuta sana chini, maana kani yao ya juu kabisa huja kwenye mizunguko 4,500 kwa Mercedes na 4,750 kwa BMW; yote mawili huchanganya juu, na BMW huendelea kuchanganya baada ya Mercedes kuridhika. Sentensi hiyo humfaa mnunuzi kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Kitenzi cha tatu ni "kutulia". Gari lililotulia ni lile lisiloyumba kwa mwendo mkubwa wala kurukaruka kwenye barabara mbovu. Hapa Mercedes ina hoja. Kila gurudumu lake la nyuma hushikwa na mikono mitano ya chuma, utaratibu uliokuja na ukoo wa 190 mwaka 1982, na mtambo wa haidroli husawazisha kimo cha nyuma gari likipakiwa. Mwezi Agosti 1983 magari matatu ya aina hiyo, yaliyorekebishwa kidogo, yalizungushwa katika njia ya duara ya Nardò, Italia, kilomita 50,000 kwa wastani wa karibu kilomita 248 kwa saa. Huo ni ushahidi wa kutulia na wa kudumu. Si ushahidi wa kukata kona, na wanaoutaja kana kwamba ndio hukosea. Hukosea zaidi wanaotaja mbio za Nürburgring za Mei 1984, ambamo kijana Ayrton Senna alimshinda Niki Lauda. Madereva wote siku ile waliendesha Mercedes za aina moja. Walipimwa watu, si magari.

Katika kona, M3 ndilo bingwa. Ni jepesi zaidi, na kioo chake cha nyuma kililazwa na mfuniko wa buti ukainuliwa ili upepo upite vizuri.

Limebaki neno la kwanza katika maelezo yote ya magari haya, lile la ukwasi. Tunayo matatu. "Anasa" hulaumu, "fahari" humsifu mwenye gari, na "starehe" humweleza abiria. La tatu tu ndilo linaloweza kuhakikiwa kwa kukaa kitini. Tena tukumbuke kwamba Afrika Mashariki ilikwisha kulihukumu jina Benz kabla ya kufungua boneti: tulilipa kiambishi, tukapata "Wabenzi", na mwenye kuchagua Mercedes hapa kwetu hachagui springi peke yake. Mhakiki hana budi kulitenga jambo hilo na starehe, hata kama muuzaji angependa yachanganyike.

Tukilazimishwa kuchagua, tungechukua Mercedes. M3 ni bora kwa spoti, hilo hatulipingi, na anayeendesha peke yake alfajiri kwenye barabara ya milimani asitusikilize. Lakini katika "sedani ya spoti" nomino ni sedani, na milango minne, buti linalopakiwa bila nyuma kudidimia, na utulivu wa safari ndefu ni mambo ya nomino. Lawama tunayo: kiti cha nyuma kimefinyangwa kwa watu wawili tu, na familia ya watoto watatu itabaki na mmoja barazani.

Jambo moja mnunuzi wa lolote kati ya hayo mawili aambiwe kabla ya kuwasha. Katika Mercedes hiyo, na katika M3 lililouzwa Ulaya, gia ya kwanza haiko mbele kama tulivyozoea. Huvutwa kushoto na nyuma, ili ya pili na ya tatu, zinazobadilishwa mara nyingi zaidi mashindanoni, zikae katika mstari mmoja. Mafundi hatujawasikia wakiwa na jina la mpangilio huo, na mpaka watakapolitoa, maelezo marefu yanatosha.